Bi Kidude

Bi Kidude (jina halisi Fatuma binti Baraka, alifariki 17 Aprili 2013) alikuwa mwimbaji wa taarabu, mpiga ngoma na kungwi wa unyago kutoka Zanzibar. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Wengi hukadiria miaka ya 1910. Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, baba yake akiwa muuza nazi.

Aliipata sanaa kwa kusikiliza, hasa nyimbo za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, ambazo aliziimba maisha yake yote. Siti alitangulia kurekodi sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Kidude alivuma nje ya visiwa akiwa tayari bibi kizee, alipozuru Ulaya na Japani. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki.

Katika mapenzi hakukubali kufungwa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliikimbia ndoa ya kwanza, aliyoozwa angali binti mdogo, na ya pili nayo ikavunjika. Hakujaliwa mtoto. Hata hivyo wanawali wengi wa Unguja walipita mikononi mwake: kwenye unyago, mbali na macho ya wanaume, aliwafunza mambo ya mwili na ya unyumba, nao wajue kuwa raha ya ndoa ni haki ya mke pia. Kazi hiyo yastahili heshima sawa na uimbaji wake. Alivuta sigara hadharani, na sauti yake ya mkwaruzo haikuhitaji kipaza sauti.