Adabu za OAU zilivyomlea Amin

Julai 1975 marais wa Afrika walikutana Kampala kwa mkutano wa kilele wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Mwenyeji wao, Rais Idi Amin wa Uganda, alikuwa amejivisha cheo cha Field Marshal, na kwenye hafla moja aliingia akiwa amekaa kitini, kiti kimebebwa na wafanyabiashara Wazungu. Wageni walicheka na kupiga makofi. Tanzania, Zambia na Botswana hazikutia mguu. Waliohudhuria wakamkabidhi uenyekiti wa umoja wote.

Kisingizio chao kilikuwa tayari kwenye mkataba wa OAU wa 1963: nchi isiingilie mambo ya ndani ya nchi nyingine. Maiti za wahanga wa Amin zilizotupwa mtoni Nile zikawa mambo ya ndani.

Tanzania nayo ilikuwa imekwisha kujaribu suluhu na Amin. Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikapiga Bukoba na Mwanza. Oktoba hiyo Rais Siad Barre wa Somalia akazisuluhisha nchi hizo mbili mjini Mogadishu: kila upande urudishe majeshi kilomita 10 kutoka mpakani. Haikuwa hatua ya kipumbavu, maana Tanzania haikuwa tayari kwa vita. Lakini miaka sita baadaye eneo la Tanzania kaskazini mwa mto Kagera lilikuwa na walinzi wa kuhesabika.

Kenya ilimjibu Amin kwa namna nyingine. Februari 1976 Amin alipodai ardhi ya Kenya hadi karibu na Nairobi, Rais Kenyatta hakutafuta msuluhishi. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligomea mizigo ya Uganda, na Uganda haina bahari. Amin akageuza maneno upesi, akasema hakuwa na nia ya vita.

Oktoba 1978 askari wa Amin walikuwa wakiasi, hasa kusini magharibi, na kuwasaka waasi kukamfikisha Tanzania. Uasi huo ndio uliowasha moto, sikatai. Ila mtu huvamia pale anapodhani hatadaiwa. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka kwenye mto huo likalipuliwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Walicheka na nyani Kampala, mabua yakavunwa Kagera.

Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, aliitaka OAU ilaani uvamizi. OAU ikaleta wapatanishi, wakizungumza na mvamizi na mvamiwa kana kwamba ni ndugu wawili wanaogombania shamba. Mwalimu akakataa, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yakaiteka Kampala.

Julai hiyo OAU ikakutana Monrovia. Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakasimama kulaumu: waliyemlaumu ni Tanzania. Aliyewajibu ni Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, akiwataka wasijifiche tena nyuma ya kile kifungu cha kutoingilia.