Macho ya Mtu Asiyeonekana

Katika sinema ya The Invisible Man, iliyotolewa Marekani mwaka 1933 chini ya uongozi wa James Whale, yumo mwanakemia mmoja aitwaye Griffin ambaye, kwa kujidunga dawa ya kubuni iitwayo monocane, ametoweka machoni pa watu pasipo kutoweka duniani, hata suruali huonekana ikirukaruka njiani huku ikiimba, na shati likicheza chumbani bila ya kiwiliwili. Claude Rains, aliyeigiza sehemu hiyo, hakuonyesha uso wake ila mwisho kabisa, Griffin alipokuwa amekwisha kukata roho. Muda mwingine wote alikuwa sauti, bandeji na miwani. Lakini kilichoidumisha picha hiyo, kwa rai yangu, si hila za John Fulton, aliyemvika mwigizaji mahameli nyeusi na kumpiga picha mbele ya pazia jeusi, ingawa zilikuwa hila za ustadi wa kupigiwa mfano. Ni kwamba Griffin mwenyewe hujibu maswali ya utani kabla mtazamaji hajawahi kuyauliza. Chakula alichokila kitaonekana tumboni? Naam, kwa hiyo hana budi kujificha muda wa saa nzima baada ya kula. Mvua je? Maji yatatuama kichwani na mabegani yamfichue. Ukungu? Ataonekana mithili ya povu. Hata uchafu wa kucha sharti auondoe, maana uchafu haukupata dawa.

Swali moja hakuligusa, nalo ndilo kubwa kuliko yote: yeye mwenyewe anaonaje? H. G. Wells, Mwingereza aliyeandika riwaya iliyozaa sinema hiyo mwaka 1897, alieleza kwamba mwili wa Griffin ulikuwa umefanywa uupitishe mwanga sawasawa na hewa, usiupinde wala kuurudisha. Basi jicho huona kwa sababu lenzi yake huupinda mwanga, na utando wa nyuma huunasa. Lenzi isiyopinda mwanga si lenzi, na utando usionasa kitu hauna habari ya kuupelekea ubongo. Kwa hiyo mtu yule, ambaye nchi nzima inatetemeka kwa ajili yake, angalikuwa kipofu wa kupapasa kuta. Mrusi Yakov Perelman, aliyewafundisha wasomaji wengi fizikia kwa njia ya mchezo, aliitoa hukumu hiyo bila ya huruma. Walakini Wells hakuhitaji kufundishwa. Katika riwaya alikumbuka hata kope, kwamba kope zinazopitisha mwanga hazimfai mtu anayetaka kulala mchana, na mwaka ule ule wa 1897 alikiri katika barua kwa mwandishi mwenzake, Arnold Bennett, kwamba macho ya namna hiyo hayawezi kuona. Alijua, akanyamaza, akaendelea na kisa chake.

Msimamo wake, alioueleza miaka mingi baadaye, ulikuwa kwamba mtunzi wa hadithi za aina hii humwomba msomaji amkopeshe uongo mmoja tu, kisha mengine yote yaende kwa desturi ya dunia tuijuayo, kwani pale ambapo lolote laweza kutukia hapana tena la kustaajabisha. Naona kwamba maswali ya utani ambayo watazamaji wamekuwa wakizirushia sinema hizi tangu hapo si chochote ila madai ya hesabu ya mkopo huo. Hapana anayemwuliza Whale kwa nini dawa ilifanya kazi, maadamu hilo alikwisha kukopeshwa. Bali huulizwa, na watu hucheka hadi leo, kwa nini Griffin, anayekimbia uchi wa mnyama juu ya theluji, anaacha nyayo za viatu. Na King Kong, aliyetolewa mwaka ule ule wa 1933, huulizwa kimo chake, kwani sokwe yule ni mkubwa zaidi akiwa New York kuliko alivyokuwa kisiwani kwake, ilhali safari ya bahari haijapata kumrefusha mtu.

Mwaka 1954 kampuni ya Warner Bros. ilitoa Them!, ambamo sisimizi wa jangwa la New Mexico wamekuwa majitu kwa sababu ya mnururisho wa bomu la atomiki lililojaribiwa huko mwaka 1945. Jibu la swali la mzaha la sinema hii, yaani majitu hayo yangesimamaje, liliitangulia kwa zaidi ya miaka 300, kwa kuwa Galileo alikwisha kuandika mwaka 1638 kwamba mnyama hawezi kukuzwa bila ya kubadilishwa umbo, na mifupa ya jitu ingepasa kuwa minene kupita kiasi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mkuze sisimizi mara 500 kwa urefu: unene wa mguu wake, yaani eneo linalobeba mzigo, huongezeka mara 250,000, lakini uzito wake huongezeka mara milioni 125, hata kila sehemu ya mguu hubeba mara 500 ya mzigo wa asili. Angeanguka papo hapo. Fauka ya hayo, mdudu hana mapafu, huvuta hewa kwa vitundu vya ubavuni, na hewa isingewahi kufika ndani ya mwili wa ukubwa ule. Haya mwanabiolojia J. B. S. Haldane aliyafafanua mwaka 1926 katika insha mashuhuri juu ya kadiri ya viumbe. Hata hivyo simlaumu Gordon Douglas, mwongozaji wa picha hiyo. Watu wa mwaka 1954 waliokuwa wakiogopa bomu hawakwenda sinema kupima miguu ya sisimizi.

Jack Arnold aliigeuza hesabu hiyo juu chini mwaka 1957 katika The Incredible Shrinking Man. Scott Carey anapungua siku hadi siku, anaishi katika nyumba ya mwanasesere, anakimbizwa na paka, kisha anapigana na buibui kwa pini. Akifikia sentimita mbili na nusu, mtu aliyekuwa na kilo 80 hubakiwa na takriban moja ya tano ya gramu, ikiwa mwili wake umepungua kwa uwiano. Na kama uzito haukupungua, basi angetoboa sakafu kwa nyayo. Tuseme umepungua. Hapo ngozi yake ni kubwa mno kwa kulinganisha na mwili, joto linamtoka mara 72 kwa kasi zaidi, na angelazimika kula mchana kutwa na usiku kucha kama kirukanjia, seuze kupata faragha ya kutafakari nafasi yake katika ulimwengu, jambo ambalo Carey hulifanya kwa ufasaha mkubwa. Kwa upande mwingine, kuanguka kutoka mezani kusingemdhuru hata kidogo. Na pale anapowaita mkewe na kaka yake wasimsikie, Arnold amepatia barabara.

Hata aliyemtafuta mtaalamu hakusalimika: mwongozaji Fritz Lang, kule Berlin mwaka 1929, alimwajiri mtaalamu wa roketi Hermann Oberth awe mshauri wa sinema ya Frau im Mond, akaonyesha roketi yenye hatua kadhaa, na akahesabu kurudi nyuma hadi sifuri kabla ya kuruka, desturi ambayo warusha roketi wa kweli waliifuata baadaye. Pamoja na elimu yote hiyo, mwezi wa Lang una hewa, na watu wake wanatembea vichwa wazi.

Stanley Kubrick hakufanya hivyo. Katika 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968, nje ya chombo hakuna sauti ila pumzi, na mwanaanga Bowman, asiye na kofia yake, anajirusha kwa sekunde chache katika utupu kabla ya kufunga mlango. Wengi waliuliza kwa kejeli kwa nini hakupasuka. Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana Houston mwaka 1966, vazi la fundi mmoja lilipopoteza hewa ndani ya chumba cha utupu: alizimia baada ya sekunde kama 14, akikumbuka mate yakichemka ulimini, naye akapona. Kosa la Bowman ni jingine. Anaonekana amevuta pumzi na kuizuia, na hewa iliyozuiwa kifuani mahali pasipo hewa hutanuka na kuyararua mapafu. Angaliitoa yote kabla ya kuruka, asingalidaiwa kitu.