Bolti Iliyoliwa Ndani ya Ubao

Juma lililopita nilikuwa Tanga, nikimtazama fundi mmoja aking'oa bolti za mkuku wa mashua ya zamani ya matanga. Mkuku wa chombo cha namna ile ni pande zito la chuma au risasi, limefungwa chini kwa bolti ndefu, nao ndio unaokizuia kisipinduke. Bolti ya tatu ilipotoka, sote tulinyamaza. Kichwa kizima, nati nzima. Lakini katikati, pale ubao unapokutana na mkuku, ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama penseli. Na mwenyewe alikuwa akiipaka nati ile rangi kila mwaka!

Maradhi haya yana historia. Mwaka 1761 jeshi la wanamaji la Uingereza liliifunika manowari Alarm kwa mabamba ya shaba ili kumzuia mdudu wa baharini atoboaye mbao, likaipeleka West Indies. Ilipokaguliwa mwaka 1763, mbao zilikuwa salama, ila misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeoza vibaya. Shaba na chuma vikikutana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na kinacholiwa ni chuma. Mitepe yetu ya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi, haikuyajua maradhi haya. Ilikuwa na yake.

Ajabu ni kwamba misumari mingine ya Alarm ilikutwa mizima. Karatasi ya kahawia yaliyofungiwa mabamba ilikuwa imeachwa chini yake, ikaitenga shaba na chuma.

Wakubwa wakaishikilia karatasi hiyo. Kuanzia mwaka 1779, vita vya Marekani vikiwa vimepamba moto, walizifunika manowari zao kwa shaba, moja baada ya nyingine, wakaweka karatasi katikati na kuziacha bolti za chuma zilezile. Siwalaumu sana: kung'oa bolti zote za meli ni kazi kubwa, na adui hangoji. Lakini karatasi huchanika, na maji hupenya. Septemba 1782 manowari Ramillies na Centaur zilipotea katika tufani ya Atlantiki, na wako wanahistoria wanaozitia bolti hatiani pamoja na upepo. Ndipo mafundi wa Uingereza walipopata njia ya kuifanya shaba iwe ngumu kiasi cha kugongomewa kama bolti, na miaka iliyofuata chuma kikaanza kutolewa.

Tukirudi Tanga, mwenye mashua aliitazama ile penseli kwa muda, akauliza kama haitoshi kubadilisha hiyo moja tu, maana pesa ni chache na nati nyingine zinang'aa. Fundi hakumjibu. Alichukua spana, akapiga magoti kwenye bolti ya nne.