Mcheza Kwao Hutunzwa: Ulinzi wa Uwanja wa Ngoma katika Pwani ya Waswahili

Wahenga wa pwani walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hufahamika zaidi kwa upande wa fedha: aimbaye au achezaye mbele ya watu wake hupata tuzo, akatiwa noti mkononi au akabandikwa kwenye paji la uso. Lakini kitenzi kutunza kina maana ya pili, nayo haipasi kusahauliwa. Kutunza ni kuhifadhi, kuchunga, na kukikinga kitu kisiharibike. Kwa maana hiyo methali inatoa ahadi kubwa kuliko noti: kwamba aliyeingia uwanjani miongoni mwa watu wake atakuwa katika amana yao mpaka arejee nyumbani salama. Historia ya ngoma na taarabu za visiwani na mwambao inaonyesha jinsi ahadi hiyo ilivyotimizwa, na jinsi ilivyovunjwa.

Miongoni mwa nyimbo za Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, umo mmoja uitwao Kijiti. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikawa miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kusikika kwa chombo hicho. Wimbo wa Kijiti unatokana na mkasa wa Unguja wa miaka ya 1920. Kwa kadiri wimbo unavyosimulia, mwanamke mmoja mja mzito alikuja kutoka Dar es Salaam kutembea. Akiwa mgeni asiyejua njia wala watu, alishawishiwa kutoka kwenda starehe, na kileo kikawamo. Huko akatendewa ubaya na kuuawa. Mwenye kutenda akavuka bahari, akaishilia bara. Mbele ya hakimu waliobaki ni wanawake waliofuatana na marehemu, na hao ndio waliotiwa gerezani kwa kosa la pombe.

Aliyeisikiliza santuri ile hakuhitaji kuelezwa ulipo uchungu wake. Sheria ya enzi hizo iliwakataza wenyeji vileo, na jicho la mahakama likatua kwenye chupa. Roho mbili zilizopotea, ya mama na ya mimba yake, hazikupata mtu wa kuzijibia. Siti alifanya lile ambalo baraza la hakimu halikulifanya: alimtaja muuaji kwa jina, akalipeleka jina hilo kila penye mashine ya santuri. Watu wa Ng'ambo waliokuwa wakikusanyika kumsikiliza usiku waliujua mtaa na wakaijua habari. Kwao wimbo ulikuwa ndiyo hukumu pekee iliyotolewa.

Hata hivyo, wimbo ulikuja baada ya maiti. Swali unaloliacha ni la kabla ya hapo: katika kundi lile lililotoka pamoja, nani alikuwa na dhamana ya mgeni? Hakuwapo. Kila mmoja alikwenda kwa ajili ya nafsi yake, na penye watu wa namna hiyo mwenye nia mbaya hupata nafasi.

Serikali ya kikoloni haikuwa na jawabu la swali hilo, maana haikuliuliza. Kwa watawala ngoma ilikuwa kelele na fujo. Walidai kibali, wakaweka saa ya kumaliza, wakataja mahali panaporuhusiwa na pasiporuhusiwa. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 maofisa wa upelelezi walizifuatilia ngoma za beni kwa hofu kuwa zilificha siasa. Kulinda utulivu wa mji na kumlinda mwanamke aliyesimama kwenye duara ni kazi mbili mbalimbali, na askari wa doria alitumwa kwa ile ya kwanza tu. Basi ulinzi wa uwanja ulibaki mikononi mwa wachezaji wenyewe, watu wasiolipwa mshahara, waliojichangia mafuta ya taa, sare na chakula.

Hapo ndipo beni inapostahili kutazamwa upya. Ngoma hii ilizuka pwani katika miaka ya 1890, ikiiga bendi za kijeshi za Wazungu, na jina lake limetokana na neno bendi. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi waliokuwa wakishindana. Tanganyika ilikuwa na Marini na Arinoti, walioenea mji hadi mji pamoja na askari na wapagazi wa vita. Watu wengi wamecheka vyeo vyao vya kingi, jenerali, meja na kapteni, wakaona ni uigaji mtupu. T. O. Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii ya Afrika Mashariki, alionyesha kuwa ndani ya mzaha ule mlikuwa na mambo ya maana. Wanachama walisaidiana katika maradhi na mazishi. Mwenzao aliyefika mji wa ugenini aliwakuta wa chama chake, wakampokea na kumsitiri. Cheo, basi, kilikuwa zaidi ya pambo. Palipo na meja anayejulikana kwa sare na kwa jina, aliyeudhiwa anajua pa kwenda, na aliyeudhi anajua kuwa ameonekana. Msafiri wa beni alikuwa na watu wa kumjibia; mgeni wa Kijiti hakuwa nao.

Wanawake nao walijipangia yao. Lelemama, ngoma ya nyendo za taratibu, ya mikono na kichwa zaidi kuliko miguu, iliwakusanya Mombasa katika vyama vilivyokuwa na ngazi za uongozi. Mwanamke alipanda daraja kwa kutoa ada na karamu. Miongoni mwa vyama mashuhuri vilikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada, mahasimu waliotunukiana nyimbo za mafumbo. Margaret Strobel, mwanahistoria aliyewachunguza, alisisitiza kuwa vyama hivyo viliwachanganya waungwana na waliotoka katika vizazi vya utumwa, jambo lililokuwa zito katika mji uliojali nasaba. Sehemu ya maisha ya wanawake wa zama hizo imehifadhiwa kwa sauti zao wenyewe katika masimulizi ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, yaliyochapishwa na Sarah Mirza na Strobel mwaka 1989. Kwa mwanamke asiye na ukoo mkubwa mjini, chama kilikuwa ukoo wa pili. Alitoka nyumbani akiwa na wenzake na akarudi akiwa nao.

Njia nyingine ya kuulinda uwanja ni kuuwekea mipaka. Mfano ulio hai ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, unaoadhimishwa kila mwaka mwezi wa Julai. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba, na chuki za mwaka mzima zikatolewa hapo. Wanawake, wamevaa nguo zao njema, huuzunguka uwanja wakiimba, na baadhi ya nyimbo huwakejeli wanaume bila ya haya. Mtazamaji wa mara ya kwanza huweza kudhani kuwa kila kitu kimeruhusiwa. Sivyo. Kipigo kimeruhusiwa kwa gomba, silaha isiyotoboa. Tusi limeruhusiwa kwa wimbo. Na yote hayo yana siku yake na mahali pake. Tena watu wa huko huona kuwa si heri mtu kuukaribisha mwaka mpya bila ya mgeni nyumbani kwake. Siku ambayo vurugu limepewa ruhusa ndiyo siku ambayo mgeni ana mwenyeji anayejulikana.

Lakini itakuwa ni kudanganya kuwasifu wa kale na kunyamazia aibu yao. Chombo chao kikubwa cha kuadibu kilikuwa ulimi, na ulimi hauna ala. Fumbo lililotungwa kumkanya mwonevu liliweza kutungwa pia kumwonea mnyonge. Katika mashindano ya lelemama nyimbo za kuaibisha ziliwaangukia wanawake wa upande wa pili: siri ya nyumba ya mtu, mwenendo wa binti yake, mimba isiyotajwa. Wimbo ukishaimbwa mbele ya mji haurudi. Siti mwenyewe, kabla ya sifa kumfikia, alitungiwa ubeti wa kumdhihaki kwa unyonge wa asili yake na kwa kaniki aliyoingia nayo mjini, naye akajibu kwa ubeti. Alijaliwa kipaji cha kujibu. Binti wa miaka kumi na sita aliyeaibishwa uwanjani hakuwa na kipaji hicho wala mwenye kumjibia, na waliokaa kwenye viti vya vyeo ndio waliokuwa wakipiga makofi.

Dosari iko hapa. Vyama vilijua kumlinda mwanachama dhidi ya mtu wa nje, na vilijua kulinda jina la chama dhidi ya mahasimu. Havikuwa hodari wa kumsikiliza mwanachama aliyeumizwa na mkubwa wa chama hichohicho. Mtoaji wa karamu kubwa kuliko zote ndiye mwenye daraja ya juu kuliko zote, na kumshitaki ni kuitia doa ngoma nzima. Ndipo yakazaliwa maneno yanayojulikana kila kisiwa: mambo ya ndani yaishie ndani, tusiwape watu la kusema. Kwa maneno hayo uwanja husalimika, aliyeumizwa akabaki na jeraha lake.

Wapo walioona kuwa tiba ni kuufunga uwanja wenyewe. Katika miaka ya 1930 Mombasa ilikuwa na mwamko wa kuitengeneza jamii, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwenye gazeti la Al-Islah la mwaka 1932 na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika dhidi ya israfu na mila alizoziona kuwa zinapingana na dini. Hoja ya israfu ilikuwa na uzito: watu waliuza mali ili washinde ngoma. Waume na wazazi wengi nao waliwakataza wanawake wao kutoka. Lakini hesabu ya makatazo hayo haikugawanywa sawa. Aliyezoea kuwaudhi wanawake njiani hakuzuiwa kutembea. Waliobaki ndani ni waliokuwa wakiudhiwa. Ni mantiki ileile ya hakimu wa Kijiti: mwenye kosa amevuka maji, na aliye karibu ndiye anayefungwa.

Lelemama ilififia, ila mafunzo yake hayakufa pamoja nayo. Waliozoea kuitana, kuchangishana, kupanga vyeo na kutunza ahadi waliyatumia mazoea hayo kwingine. Mwaka 1958 wanawake wa Kiarabu wa Mombasa, walionyimwa kura ambayo waume zao walikuwa nayo, walipeleka ombi kwa serikali kudai haki hiyo. Strobel ameonyesha uzi unaounganisha vyama vya ngoma na jumuiya za wanawake zilizofuata. Aliyewahi kusimamia mamia ya watu usiku kucha, kila mmoja akajua nafasi yake, hakushindwa kukusanya saini.

Leo zipo sheria ambazo mgeni wa Kijiti hakuzipata. Tanzania ilitunga sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, na Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2006. Ni ngao zenye faida. Hata hivyo sheria, kama wimbo wa Siti, aghalabu hufika baada ya tendo. Usiku wa maulidi, wa taarabu ya harusi, wa mashindano ya mashairi chini ya mwembe, wanaofika kabla ya tendo ni haohao wanaojitolea: aliyetandika mikeka, aliyewasha taa, anayegawa kahawa. Katika historia hii wanaweza kurithi kitu kimoja na kukataa kingine. Cha kurithi ni cheo chenye kazi: mtu mmoja au wawili wanaotajwa mbele ya wote kabla ya ngoma kuanza, ili mwenye kuudhiwa asianze kutafuta wa kumwambia, na mgeni ajue nani atamfikisha nyumbani. Cha kukataa ni lile pazia la jina la chama. Mlalamikaji asikilizwe hata kama analalamikia mwimbaji bora, mfadhili mkubwa au mtunzi anayependwa kuliko wote, na asikilizwe faraghani, si kwa fumbo la hadharani.

Wimbo wa Kijiti bado unaimbwa na bado unapendwa, na wengi hutikisa vichwa kwa uzuri wa sauti. Mwanamke anayeimbwa humo hakuwa kwao. Alikuwa amevuka maji kuja kutembea, na katika wote waliotoka naye siku ile hapakuwa na mmoja aliyepewa amana ya kumtunza.