Tathmini ya mwalimu wa gofu

Tathmini ya mwalimu wa gofu ni upimaji wa kiasi ambacho mafunzo yake yamepunguza mikwaju ya mwanafunzi uwanjani. Kipimo kikuu ni hendikapu, namba ya kiwango cha mchezaji ambayo hushuka anapoimarika. Katika mfumo wa dunia ulioanza 2020, hukokotolewa kwa wastani wa matokeo 8 bora kati ya raundi 20 za mwisho, yakisharekebishwa kulingana na ugumu wa kiwanja. Kikomo chake cha juu ni 54. Kwa njia hiyo raundi ya kiwanja cha Lugalo, Dar es Salaam, hulinganishwa na ya Arusha.

Hendikapu peke yake haitoshi. Wengi humwendea mwalimu mchezo ukiwa umeharibika, na baadhi wangerejea hali yao ya kawaida bila somo lolote. Tena, kushuka kutoka 40 hadi 30 ni rahisi kuliko kutoka 8 hadi 5. Tathmini ya haki hulinganisha wanafunzi wa kiwango kimoja kwa miezi kadhaa, na huwahesabu hata walioacha. Mkazi wa Mpanda anayefuata masomo Dar es Salaam kwa treni, kupitia Kaliua na Tabora, hukamilisha raundi 20 polepole. Kwake, idadi ya mikwaju anayotumia kwenye grini katika kila raundi huweza kuonyesha mabadiliko mapema zaidi.