Maji Baridi Juu ya Sufuria

Mara ya kwanza kuona kifaa cha Soxhlet nilikuwa mwaka wa pili chuoni, kwenye maabara ya kemia. Chini kulikuwa na chupa ya ethanoli inachemka. Katikati, majani makavu yaliyosagwa, ndani ya kijifuko cha karatasi nzito. Juu, mrija wa kioo uliozungukwa na maji baridi. Mvuke ulipanda, ukakutana na ile baridi, ukageuka matone, matone yakaangukia majani. Sehemu ya katikati ikijaa, yote yanashuka chini kwa mkupuo, rangi na dawa ya majani ikienda nayo, halafu safari inaanza upya. Ethanoli ile ile, mara kumi, mara ishirini. Wenzangu wanaandika noti. Mimi namwona Kukhu.

Kukhu ni nyanya yangu, na kazi yake ilikuwa kupika chang'aa. Kangara kwenye pipa, chombo cha kupokea ndani, sufuria ya maji baridi juu, maungio yote yamezibwa kwa udongo. Nikiwa darasa la sita kazi yangu ilikuwa moja tu: kubadilisha maji. Yakishika moto, mvuke hauganduki chini ya sufuria, unatafuta tundu unaenda zake. "Huo ni karo yako unaona ukipaa," aliniambia. Sikuwahi kupata somo la kemia lililo wazi kuliko hilo.

Ukweli ni kwamba historia nzima ya kukusanya alkoholi ni historia ya kupambana na mvuke unaotoroka. Karne ya 9, al-Kindi, msomi wa Iraki, anahusishwa na kitabu kizima cha marashi na namna ya kuyakeneka. Chombo chao Waarabu waliita al-anbiq. Hata neno alkoholi limetoka kwao: al-kuhl, ule unga laini wa macho ambao sisi tunauita wanja. Wazungu walilichukua neno kwa maana ya unga, wakalivuta hadi kitu chochote kilichosafishwa sana, na kufikia karne ya 16 Paracelsus alikuwa akilitumia kwa roho ya mvinyo.

Karne ya 13 huko Bologna, daktari Taddeo Alderetti alieleza jinsi ya kupitisha mvuke kwenye bomba linalopozwa kwa maji, kisha kukeneka tena na tena mpaka alkoholi ipate nguvu. Maji baridi, kama Kukhu. Halafu mwaka wa 1879 Mjerumani Franz von Soxhlet, aliyetaka kupima mafuta kwenye maziwa, akatoa kifaa kile nilichokiona maabara. Ujanja wake ni huu: badala ya kumwaga lita nyingi za kiyeyusho, unatumia kidogo na kukirudisha chenyewe.

Mbinu ni moja, lakini sheria iliitazama kwa macho mawili. Mwaka wa 1980 Kenya ilipiga chang'aa marufuku kabisa. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa mitaa ya mabanda Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Siwezi kuliruka hilo eti kwa sababu nampenda nyanya yangu. Mwaka wa 2010 sheria mpya, ile tunayoiita ya Mututho, ikafuta ile ya 1980: chang'aa ikawa halali, mradi mpishi awe na leseni na afuate masharti ya viwango na chupa. Kukhu alikuwa na pipa na udongo. Leseni angeipatia wapi?

Nikiwa mwaka wa tatu askari walikuja, wakatoboa pipa, wakamwaga kila kitu. Faini ilikula pesa ya semista. Nikadrop.

Sasa naishi Nairobi na binamu yangu, anayeuza dawa za nywele za rozmari na mchaichai. Analoweka majani kwenye ethanoli, anachuja, halafu alikuwa anaacha beseni wazi usiku kucha ibaki ile nta nzito ya chini. Asubuhi nyumba inanuka, na pesa yote ya ethanoli imeenda dirishani. Nilipoona nilisikia sauti ya Kukhu.

Nilimwambia jinsi inavyofanywa maabara: hakuna moto wa wazi, kwa sababu mvuke wa ethanoli unadaka cheche haraka; chombo kinapashwa ndani ya maji ya moto, maana ethanoli inachemka karibu nyuzi 78; mrija unapozwa; dirisha linabaki wazi. Nilimwambia pia mipaka yake. Ukeneke mara ngapi, utakwama kwenye asilimia 95 na kitu, kwa sababu hapo maji na ethanoli vinapanda pamoja. Na spiriti iliyotiwa methanoli dukani haisafishiki kwa kuikeneka nyumbani. Isinywewe, hata iking'aa vipi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na majirani wakiona bomba na sufuria, watasema tunapika nini?"

Sikuwa na jibu. Kwenye maabara hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Pale mlangoni palikuwa na kibao cha idara, na ndani wanafunzi waliovaa makoti meupe. Kukhu alikuwa na kanga.

Mpaka leo beseni liko wazi. Kila asubuhi nikiamka na ile harufu ya rozmari na spiriti, mkono wangu unatafuta sufuria ya maji baridi.