Kazi ya Muziki Mbele na Nyuma ya Pazia: Joseph Haydn na Wenzake

Kila mwaka, ufikapo wakati wa kuchagua masomo, hakosekani kijana mwenye kipaji cha kuimba au cha kupiga ala. Na kila mwaka kijana huyo huambiwa kwamba muziki ni jambo la kujifurahisha tu, si kazi ya kumpatia mtu riziki. Wasemao hivyo hawana nia mbaya, lakini historia haiwaungi mkono. Katika makala hii nitaeleza maisha ya mtunzi mmoja mashuhuri wa Austria, Joseph Haydn, pamoja na watu waliofanya kazi ubavuni mwake. Tutaona kwamba muziki ulikuwa kazi yenye mkataba, mshahara na masharti kama kazi nyingine yoyote. Tena tutaona kwamba makofi huisha usiku uleule, bali kilichoandikwa kwenye karatasi hubaki.

Mtoto wa fundi

Haydn alizaliwa tarehe 31 Machi, 1732 katika kijiji cha Rohrau, karibu na mpaka wa Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza magurudumu ya magari ya farasi, na mama yake alipata kuwa mpishi katika nyumba ya kabaila wa mahali pale. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, alipelekwa mji wa Hainburg kwa jamaa yao aliyekuwa mwalimu wa shule. Kutoka huko alichukuliwa kwenda Vienna kuimba katika kwaya ya watoto ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano.

Lakini sauti ya mtoto haidumu. Alipobaleghe na sauti yake kuwa nzito, aliondolewa katika kwaya, naye hana fedha wala kazi. Alipanga chumba kidogo cha juu kabisa, chini ya paa. Alifundisha watoto wa watu, alipiga fidla popote alipoitwa, na akawa mtumishi wa mtunzi wa Kiitalia aliyeitwa Nicola Porpora. Porpora alipofundisha wanafunzi wake kuimba, Haydn alipiga kinanda, na baada ya hapo alifanya kazi za mtumishi wa nyumbani. Ujira wake mkubwa ulikuwa elimu. Ndugu msomaji, mtu huyu ambaye baadaye Ulaya nzima ilimheshimu aliingia katika kazi yake kwa mlango wa nyuma.

Mkataba wa mwaka 1761

Tarehe 1 Mei, 1761 Haydn alitia sahihi mkataba wa kuwa naibu mkuu wa muziki katika nyumba ya Esterházy, ukoo tajiri wa makabaila wa Hungaria. Mkataba huo upo hadi leo, na unafaa kusomwa na kila anayedhani kwamba kazi ya msanii ni kusubiri fikra njema zimjie.

Haydn alitakiwa kuvaa sare ya nyumba, soksi nyeupe na nguo safi, na nywele zake zipakwe poda. Kila siku, kabla ya saa sita na baada yake, alipaswa kufika katika ukumbi wa nje wa bwana wake na kuuliza kama muziki utahitajiwa. Alipaswa kuzitunza ala zote na karatasi zote za nota, kusuluhisha magomvi ya wapigaji, na kuwafundisha waimbaji ili wakiwa shamba wasisahau walichojifunza mjini. Mshahara wake ulikuwa gulden 400 kwa mwaka.

Sharti zito kuliko yote lilihusu tungo zenyewe. Haydn alipaswa kutunga chochote atakachoamriwa, asimpe mtu yeyote nakala ya tungo hizo, wala asimtungie mtu mwingine bila ruhusa. Kwa maneno mengine, kabaila hakununua muda wake tu. Alinunua na kile kilichotoka kichwani mwake.

Watu wa Eszterháza

Mwaka 1762 utawala wa ukoo huo ulimwangukia Nikolaus Esterházy, mpenda muziki wa kweli. Yeye mwenyewe alipiga ala ya nyuzi iitwayo baryton, na Haydn alimtungia vipande zaidi ya 120 kwa ajili ya ala hiyo. Mwaka 1766 Haydn akawa mkuu kamili wa muziki. Nikolaus alijenga kasri kubwa mashambani, akaliita Eszterháza, na mwaka 1768 jumba la opera likafunguliwa humo. Palikuwa pia na jumba la michezo ya vikaragosi.

Hapa ndipo tunapoona wazi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika miaka ya 1780 maonyesho ya opera yalifika zaidi ya 100 kwa mwaka. Mtazamaji aliwaona waimbaji na wapigaji tu. Hakumwona Pietro Travaglia, mchoraji aliyebuni mandhari ya jukwaa. Hakuwaona washonaji wa mavazi, wala waliowasha mishumaa na kuizima, wala wanakili waliokesha wakiandika upya, kwa mkono, sehemu ya kila ala. Opera moja ilihitaji mamia ya kurasa, na nota moja ikikosewa, kosa lilisikika ukumbi mzima. Haydn mwenyewe alikuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Jioni aliongoza mbele ya watu. Mchana alikata nyimbo ndefu za opera za watunzi wengine, akazitengeneza zipate kuendana na sauti za waimbaji aliokuwa nao.

Hata njia ya kufika jukwaani haikuwa moja. Luigi Tomasini, fidla wa kwanza wa okestra hiyo, aliingia nyumba ya Esterházy akiwa mtumishi wa chumbani.

Maisha hayo yalikuwa na uchungu wake. Wapigaji wengi hawakuruhusiwa kukaa Eszterháza pamoja na wake zao na watoto wao. Mwaka 1772 bwana mkubwa alirefusha ukaaji wake, na watu wakazidi kuchoka kwa kutengana na jamaa zao. Kwenda kudai kwa maneno kungeweza kuwafukuzisha kazi. Haydn akatunga simfoni, ile ya 45, ambayo mwishoni kila mpigaji humaliza sehemu yake, huzima mshumaa wake na kuondoka, mpaka hubaki fidla mbili tu. Waandishi wa kwanza wa maisha ya Haydn wanasimulia kwamba Nikolaus alielewa, akaamuru safari ya kurudi ianze. Huo ulikuwa mgomo wa adabu kabisa.

Mwezi wa Novemba 1779 moto uliteketeza jumba la opera, na ala na karatasi nyingi za nota zikaungua. Lakini mwanzoni mwa mwaka huohuo lilikuwa limetokea jambo lisilo na kishindo, nalo lilikuwa kubwa zaidi. Haydn alipewa mkataba mpya, na lile sharti la kumkataza kuwatungia wengine na kutoa nakala halikuwamo tena. Kuanzia mwaka 1780 wachapaji wa Vienna, kampuni ya Artaria, walianza kuchapa tungo zake. Muda si muda Paris nayo ikaagiza simfoni sita kwa ajili ya okestra iliyoongozwa na Joseph Bologne, mpigaji fidla hodari aliyezaliwa Guadeloupe na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Hivyo mtu aliyeishi mashambani, mbali na miji mikuu, akajulikana katika miji ambayo hakupata kuikanyaga. Karatasi zilimtangulia.

Salomon na London

Nikolaus alifariki tarehe 28 Septemba, 1790. Mrithi wake hakujali muziki, akawaachisha kazi wapigaji karibu wote. Haydn, aliyeachiwa pensheni ya gulden 1,000 kwa mwaka, sasa alikuwa huru kwenda atakako.

Mara akatokea Johann Peter Salomon. Huyu alizaliwa mji wa Bonn mwaka 1745, naye alikuwa mpigaji fidla na mwandaaji wa maonyesho mjini London. Jukwaani alikuwa fidla wa kwanza. Nje ya jukwaa alikuwa ndiye mwenye kukodi ukumbi, kutangaza magazetini, kuuza tikiti, kuajiri wapigaji na kubeba hasara ikitokea. Aliposikia habari za kifo cha Nikolaus alikwenda Vienna upesi. Tarehe 15 Desemba, 1790 wawili hao waliondoka, na siku ya Mwaka Mpya wa 1791 wakavuka bahari kuingia Uingereza.

Tazama tofauti ya mapatano haya na yale ya mwaka 1761. Haydn aliahidiwa pauni 300 kwa opera moja, pauni 300 kwa simfoni sita, pauni 200 zaidi kwa haki ya kuzichapa simfoni hizo, pauni 200 kwa vipande vidogo 20, na pauni 200 kutokana na onyesho moja la faida yake mwenyewe. Kila kazi ilitajwa na bei yake, na haki ya kuchapa ilihesabiwa mbali. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 11 Machi, 1791 katika ukumbi wa Hanover Square, Haydn akiwa kwenye piano na Salomon kwenye fidla, mbele ya okestra ya watu 40 hivi. Mwezi wa Julai Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Si kila jambo lilifanikiwa. Opera aliyoitunga London haikuchezwa, kwa kuwa ukumbi uliokusudiwa ulinyimwa leseni kutokana na mashindano ya wakubwa. Ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1951 mjini Florence, Italia, na Maria Callas akaimba ndani yake. Lakini Haydn alikuwa amelipwa, kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Alikwenda London tena mwaka 1794, akarudi nyumbani 1795. Kwa hesabu aliyompa mwandishi wa maisha yake, Griesinger, safari hizo mbili zilimpatia karibu gulden 24,000 kabla ya kutoa gharama. Ukigawa kwa mshahara wake wa kwanza, ni mapato ya miaka 60.

Mnakili na jina

Katika safari ya pili Haydn alifuatana na Johann Elssler, mnakili na mtumishi wake. Baba yake Elssler naye alikuwa mnakili wa Eszterháza. Elssler alikaa na Haydn hadi mtunzi huyo alipofariki tarehe 31 Mei, 1809. Mwaka 1805 aliandika kwa mkono wake orodha ndefu ya tungo za bwana wake. Orodha hiyo ina thamani kubwa, maana wachapaji wasio waaminifu walizoea kutia jina la Haydn juu ya kazi za watu wengine ili ziuzike. Wataalamu wanapotenganisha za kweli na za bandia, hurejea karatasi za mtu ambaye hakuna aliyempigia makofi. Jina la familia hiyo lilikuja kung'aa jukwaani baadaye: binti yake Elssler, Fanny, akawa mmoja wa wacheza baleti mashuhuri kabisa wa karne ya 19, akasifiwa hata Marekani.

George Bridgetower yalimfika kinyume cha hayo. Baba yake, mtu mweusi, alipata kutumika katika nyumba ya Esterházy. Kijana alikuwa fundi wa fidla tangu utoto, na mwaka 1791 alipiga katika maonyesho ya Salomon na Haydn mjini London. Mwaka 1803 alikwenda Vienna, na Beethoven akamtungia sonata ya fidla na piano. Siku ya onyesho, tarehe 24 Mei, sehemu ya fidla ilikuwa bado haijanakiliwa yote. Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, aliitwa saa kumi na nusu alfajiri aje kunakili, na onyesho likaanza saa mbili asubuhi. Katika sehemu ya pili Bridgetower ilimbidi asome moja kwa moja kutoka kwenye mwandiko wa Beethoven. Alipiga vizuri sana, watu wakashangilia. Kisha wawili hao wakakosana. Sonata ilipochapwa mwaka 1805 ilitolewa kwa heshima ya Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuwa na habari ya asubuhi ile. Hadi leo ulimwengu unaiita Sonata ya Kreutzer. Bridgetower alipata shahada ya muziki Cambridge mwaka 1811 na akafariki London mwaka 1860, watu wengi wakiwa wamemsahau.

Tunajifunza nini

Kwanza, okestra na jumba la opera vina milango mingi. Asiye na sauti anaweza kuwa na sikio la kurekebisha piano. Mwenye hati nzuri na subira anaweza kutunza nota. Mwenye akili ya hesabu anaweza kuandaa maonyesho kama Salomon. Kazi hizo zote zipo hata leo.

Pili, kipaji peke yake hakikumtoa Haydn katika sare ya mtumishi. Alikuwa na kipaji kilekile mwaka 1761 na mwaka 1791. Kilichobadilika ni mkataba. Vijana mnaopenda muziki, jifunzeni ala zenu kwa bidii, lakini msidharau hesabu, lugha na sheria. Siku mtakapoletewa karatasi mtie sahihi, isomeni yote, na muulize kazi itabaki mali ya nani.

Tatu, hili ni letu sisi tuliokwisha kumaliza shule. Tunapochapa ratiba ya onyesho lolote, tuyaandike majina ya wote: aliyeimba, aliyenakili, aliyepanga viti na aliyeshika taa. Kalamu ni ileile na wino ni uleule, na wajukuu wetu watamjua yule tu tuliyemwandika.